Wati 6 na Wati 360: Ulinganisho wa Vichakataji Viwili vya Kompyuta

Utangulizi

Mwalimu mmoja wa fizikia, afundishaye katika shule ya sekondari ya bweni itumiayo umeme wa jua, aliniandikia barua mwaka jana. Watu waliosoma shuleni hapo zamani walikuwa wamechanga fedha ili shule ipate kompyuta, na katika kamati zikatokea rai mbili. Wajumbe wa rai ya kwanza walitaka kununua seva moja kubwa iliyokwisha kutumika, kwa hoja kwamba mashine moja yenye nguvu ni bora kuliko mashine ishirini dhaifu. Wajumbe wa rai ya pili walitaka kompyuta ndogo ishirini za bei nafuu. Kwa kuwa kamati ilishindwa kuafikiana, mwalimu aliombwa atafute jibu la kitaalamu. Aliuliza hivi: "Ndugu Daktari, kati ya kichakataji cha seva na kile cha kompyuta ndogo, ni kipi chenye nguvu zaidi?"

Swali hili huulizwa na watu wengi, na aghalabu hujibiwa kwa haraka. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba halina jibu mpaka liongezewe mambo mawili: nguvu za kufanya kazi gani, na kwa umeme kiasi gani? Ili tofauti ionekane wazi, nimechagua vichakataji viwili vilivyo mbalimbali sana. Cha kwanza ni Intel N100, kilichotangazwa Januari 2023 kwa ajili ya kompyuta za bei nafuu. Cha pili ni AMD EPYC 9654, kilichotangazwa Novemba 2022 kwa ajili ya seva, na ambacho wakati huo bei yake iliyoorodheshwa ilikuwa Dola 11,805 za Marekani. Bei hiyo ni ya kichakataji peke yake, bila kumbukumbu wala sanduku la kukitia.

Kichakataji ni nini?

Kichakataji, ambacho mafundi wetu wengi hukiita prosesa, ni kipande cha silikoni kinachotekeleza amri za programu. Ndani yake mna transista nyingi sana, na kila transista hufanya kazi kama swichi: hufungua au hufunga njia ya umeme. Intel 4004, kilichotolewa mwaka 1971, kilikuwa na transista zipatazo 2,300. Vichakataji vya leo vina mabilioni.

Kazi ya kichakataji ni ya kurudiarudia. Huleta amri kutoka katika kumbukumbu, huifasiri, kisha huitekeleza. Halafu huleta amri nyingine. Hatua hizo huongozwa na mapigo ya saa ya umeme, kama vile wapiga makasia wanavyoongozwa na sauti ya mmoja wao. Mapigo bilioni moja kwa sekunde huitwa gigahezi moja, na kifupi chake ni GHz.

Sehemu ya kichakataji iwezayo kutekeleza programu peke yake, bila kusaidiwa na nyingine, huitwa kiini. Vichakataji vya zamani vilikuwa na kiini kimoja tu. Vya leo vina viini kadhaa, na baadhi vina makumi. Jedwali lifuatalo linaonyesha sifa kuu za vichakataji vyetu viwili.

Jedwali la 1

| Sifa | Intel N100 | AMD EPYC 9654 |
|---|---|---|
| Idadi ya viini | 4 | 96 |
| Kazi zinazoshikwa kwa wakati mmoja | 4 | 192 |
| Kasi ya juu kabisa ya saa | GHz 3.4 | GHz 3.7 |
| Kumbukumbu ya karibu (ngazi ya tatu) | megabaiti 6 | megabaiti 384 |
| Njia za kumbukumbu kuu | 1 | 12 |
| Kumbukumbu kuu ya juu iliyotajwa na mtengenezaji | gigabaiti 16 | terabaiti 6 |
| Kipimo cha joto | wati 6 | wati 360 |

Katika safu ya pili namba 192 inatokana na ukweli kwamba kila kiini cha EPYC huweza kushika kazi mbili kwa wakati mmoja: ile ya kwanza inaposubiri data, ya pili huendelea. Kuhusu safu ya mwisho, yafaa ikumbukwe kwamba kipimo cha joto ni mwongozo kwa wahandisi wanaobuni feni na vipoza joto. Hakielezi umeme utumikao kila dakika. Watengenezaji wengi wa mashine huiruhusu N100 ivuke wati 6 inapokuwa na kazi nzito.

Mapigo ya saa hayasemi yote

Tuanze na safu inayowapotosha watu wengi zaidi, yaani kasi ya saa. GHz 3.4 na GHz 3.7 zimekaribiana mno. Mtu atazamaye tarakimu hizo peke yake atasema kwamba vichakataji hivi viwili ni sawasawa.

Mfano mmoja wa historia unatosha kuonyesha hatari ya kufikiri hivyo. Mwishoni mwa mwaka 2004 kampuni ya Intel ilitoa Pentium 4 iliyokuwa na kasi ya GHz 3.8, yaani kubwa kuliko ya vichakataji vyetu vyote viwili. Kilikuwa na kiini kimoja, na kipimo chake cha joto kilikuwa wati 115. Hata hivyo, N100 yenye wati 6 hukishinda kwa mbali. Sababu ni kwamba pigo moja la saa halina kiasi maalumu cha kazi ndani yake. Wakulima wawili waweza kuinua jembe mara sawa kwa dakika, lakini mwenye jembe pana atamaliza shamba kwanza.

Viini vya EPYC vina "jembe" pana kuliko vya N100. Kwa mfano, amri moja ya EPYC yaweza kushughulikia biti 512 kwa mkupuo, yaani namba 16 za biti 32 kila moja, hali amri pana kabisa za N100 hushughulikia biti 256, yaani namba 8. Kwa hiyo, hata tukilinganisha kiini kimoja kwa kimoja, kile cha seva hutangulia. Lakini hakitangulii mara mia. Mwanafunzi anayeandika barua, anayechora grafu ya data chache au anayejifunza kuandika programu fupi hatatambua tofauti kubwa, kwa kuwa kazi yake hutumia kiini kimoja au viwili tu, na muda mwingi kompyuta ndiyo inayomsubiri yeye.

Fikiria basi lenye viti 96 na gari dogo lenye viti 4, yote yakienda kwa karibu mwendo uleule kutoka Dodoma hadi Morogoro. Abiria mmoja aliyepanda basi hafiki mapema sana kuliko aliyepanda gari dogo. Faida ya basi huonekana pale abiria 96 wanapokuwa kituoni.

Kwa nini viini vingi badala ya saa ya kasi?

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini wahandisi wasitengeneze kiini kimoja chenye kasi ya GHz 100? Jibu limo katika kanuni ndogo ambayo mwanafunzi wa Kidato cha Tano aliyesoma kapasita ataielewa mara moja. Kila transista inapogeuka, chaji ndogo ya umeme hujazwa na kumwagwa. Nguvu ya umeme inayotumika kwa kazi hiyo ni:

P = C × V² × f

ambapo C ni kapasitansi ya sehemu zinazogeuka, V ni volteji, na f ni kasi ya saa. Tatizo ni kwamba saa ya kasi zaidi kwa kawaida hudai volteji kubwa zaidi, na volteji katika kanuni hii imepigwa kipeo cha pili.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme tunapunguza kasi ya saa hadi asilimia 80, na kwa kufanya hivyo tunaweza kupunguza na volteji hadi asilimia 80. Nguvu itakuwa 0.8 × 0.8 × 0.8 = 0.512 ya ile ya awali. Yaani tumepoteza sehemu moja ya tano ya kasi, lakini tumeokoa karibu nusu ya umeme. Kwa umeme uleule wa mwanzo sasa tunaweza kuendesha viini viwili, na kwa pamoja vitatoa 1.6 ya kazi ya awali, maadamu kazi yenyewe inagawanyika.

Zamani hapakuwa na haja ya hesabu hii. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa kampuni ya IBM walieleza kwamba transista zikipunguzwa ukubwa, volteji na mkondo wa umeme huweza kupunguzwa kwa kadiri ileile, hata joto kwa kila milimita ya mraba lisiongezeke. Kwa miaka mingi wahandisi walikula matunda ya kanuni hiyo: kila kizazi cha vichakataji kilikuwa na saa ya kasi zaidi. Kufikia yapata mwaka 2005 kanuni hiyo ilikoma kuwafaa, kwa sababu volteji haikuweza kushushwa zaidi bila umeme kuvuja katika transista zilizofungwa. Mwaka huohuo wa 2005 kampuni za Intel na AMD zilianza kuuza vichakataji vyenye viini viwili. Tangu hapo njia kuu imekuwa kuongeza viini, na EPYC 9654 ni mzao wa njia hiyo.

Kanuni ya Amdahl

Je, viini 96 hufanya kazi mara 96 ya kiini kimoja? Mara chache sana. Mwaka 1967 Gene Amdahl, mhandisi aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM, alieleza sababu yake.

Walimu waliowahi kusahihisha mitihani ya taifa wanaijua kanuni hii hata kama hawajui jina lake. Tuseme wasahihishaji 96 wamekusanyika. Kabla ya kuanza, hapana budi wakubaliane juu ya mwongozo wa usahihishaji, na mjadala huo hauwezi kukatwa vipande 96. Baada ya hapo kila mmoja huchukua fungu lake, na kazi huenda upesi. Mwishoni alama hukusanywa mahali pamoja. Hata tukileta wasahihishaji elfu moja, muda wa kukubaliana juu ya mwongozo hautapungua, pengine utaongezeka.

Tukiita sehemu ya kazi iwezayo kugawanywa s, na idadi ya viini n, basi kazi itaharakishwa mara K:

K = 1 ÷ [(1 − s) + s/n]

Jedwali la 2: Kazi huharakishwa mara ngapi, ikilinganishwa na kiini kimoja cha aina ileile?

| Sehemu iwezayo kugawanywa | Viini 4 | Viini 96 |
|---|---|---|
| Nusu (s = 0.50) | 1.60 | 1.98 |
| Asilimia 95 (s = 0.95) | 3.48 | 16.7 |
| Asilimia 99.9 (s = 0.999) | 3.99 | 87.7 |

Itazame safu ya kwanza. Ikiwa nusu tu ya kazi yaweza kugawanywa, viini 96 vinakupa 1.98 na viini 4 vinakupa 1.60. Umelipia viini 92 zaidi na umepata ziada ndogo. Sasa itazame safu ya mwisho. Kazi inapogawanyika karibu yote, viini 96 vinafanya kile ambacho viini 4 havitakifanya kamwe.

Kuna kazi nyingi za aina hii ya mwisho. Siku matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, maelfu ya wazazi na wanafunzi huyatafuta kwa simu zao kwa wakati mmoja. Kila ombi ni dogo na halihusiani na la jirani. Kwa hiyo maombi yaweza kugawiwa viini vingi bila kusubiriana. Hapo ndipo abiria 96 wanapokuwa kituoni, na hapo ndipo seva inapostahili bei yake.

Meza, kabati na ghala

Kiini chenye kasi hakina faida kikisubiri data. Mwalimu huweka vitabu anavyovitumia sasa juu ya meza, vingine kabatini, na vilivyobaki katika ghala la shule. Meza ni ndogo lakini i karibu. Ghala ni kubwa lakini i mbali. Kompyuta nayo imepangwa hivyohivyo. Kumbukumbu ya karibu, iliyomo ndani ya kichakataji chenyewe, ni meza na kabati. Kumbukumbu kuu ni ghala.

N100 ina njia moja ya kwenda ghalani. Ikitumia kumbukumbu ya aina ya DDR5 yenye kasi ya 4800, njia hiyo hupitisha gigabaiti 38.4 kwa sekunde. EPYC 9654 ina njia 12 za kasi hiyohiyo, nazo kwa jumla hupitisha gigabaiti 460.8 kwa sekunde. Hili ni jambo kubwa kwa kazi zenye data nyingi.

Lakini tugawanye kwa idadi ya viini, na hapa tutaona jambo ambalo wengi hawalitazamii. Kila kiini cha N100 kina fungu la gigabaiti 9.6 kwa sekunde. Kila kiini cha EPYC kina fungu la gigabaiti 4.8 tu. Viini 96 vikidai data kwa pamoja, kila kimoja hupata nusu ya kile apatacho mwenzake mdogo. Ndiyo maana waliobuni EPYC waliipa kumbukumbu kubwa ya karibu: megabaiti 4 kwa kila kiini, hali N100 ina megabaiti 1.5 kwa kila kiini. Palipo na watu wengi na njia ya ghalani imebanwa, kabati kubwa huokoa safari.

Tofauti nyingine haionekani katika kasi. Kumbukumbu za seva huwa na biti za ziada za kugundua na kusahihisha makosa, kwa njia ambayo msingi wake uliwekwa na Richard Hamming mwaka 1950. Kompyuta ndogo za kawaida hazina kinga hiyo. Kwa barua ya mwanafunzi kosa la biti moja ni nadra na si msiba. Kwa hesabu za benki zinazoendelea usiku na mchana mwaka mzima, ni jambo la kuogopwa.

Kitambaa chenye madoa

Yafaa tueleze pia jinsi viini 96 vinavyoweza kukaa mahali pamoja. Kwa kweli EPYC 9654 si kipande kimoja cha silikoni. Ina vipande 12 vya viini, kila kimoja kikiwa na viini 8 na megabaiti 32 za kumbukumbu ya karibu. Na katikati yake pana kipande kingine kinachoviunganisha na kumbukumbu kuu na vifaa vya nje. Mwanafunzi aweza kuhakikisha: 12 × 8 = 96, na 12 × 32 = 384.

Sababu ya mpango huo inafahamika kwa fundi cherehani. Tuseme amepewa jora la kitambaa lenye madoa machache yaliyotawanyika. Akikata vipande vikubwa, karibu kila kipande kitakuwa na doa na itabidi kitupwe. Akikata vipande vidogo, vichache tu ndivyo vitakavyoharibika, na vingi vitafaa. Bamba la silikoni nalo huwa na kasoro ndogo zilizotawanyika, na kipande kikubwa mno hukosa kufaa mara nyingi zaidi. Kuunganisha vipande vidogo vilivyo vizima ni nafuu kuliko kutafuta kimoja kikubwa kisicho na ila.

Umeme na joto

Karibu umeme wote unaoingia katika kichakataji hutoka kama joto. Wati 6 ni kiasi cha taa ndogo ya LED, na mashine nyingi za N100 hupozwa bila feni. Wati 360 ni zaidi ya joto la watu watatu waliokaa kimya, kwa kuwa mtu mzima aliyetulia hutoa yapata wati 100. Tena joto hilo lote hutoka mahali padogo kuliko kiganja. Kwa sababu hiyo seva hudai feni zenye makelele na chumba kilichopozwa.

Tukigawa wati kwa viini, N100 ina wati 1.5 kwa kila kiini na EPYC ina 3.75. Je, si afadhali basi kuunganisha N100 ishirini na nne, tupate viini 96 kwa wati 144? Kwa kazi zisizohusiana, laweza kuwa wazo jema. Kwa kazi zinazohusiana, haliwezekani kwa urahisi. Utabiri wa hali ya hewa, kwa mfano, hugawa anga katika vijisehemu, na katika kila hatua ya hesabu kila kijisehemu lazima kijue hali ya majirani zake. Waya wa mtandao wa kawaida wa gigabiti moja hupitisha gigabaiti 0.125 kwa sekunde, yaani karibu mara 300 chini ya njia moja ya kumbukumbu ya N100. Viini vitakaa vikisubiri barua kutoka kwa jirani. Ndiyo sababu kompyuta kuu kama Frontier iliyoko Oak Ridge, Marekani, hutumia vichakataji vya ukoo wa EPYC pamoja na vichakataji vya michoro, vikiunganishwa kwa mtandao wa pekee wenye kasi kubwa.

Jibu la swali la mwalimu

Sasa turudi kwenye kamati ya shule. Kwanza, nilimkumbusha mwalimu kwamba seva haina kioo wala kibao cha kuandikia cha mwanafunzi. Wanafunzi ishirini wakitaka kuitumia kwa pamoja, kila mmoja atahitaji kifaa chake cha kuifikia. Rai ya kwanza ilikuwa imesahau gharama hiyo.

Pili, tulifanya hesabu ya umeme kwa makadirio. Tulichukulia kwamba kompyuta ndogo nzima hutumia wati 15 na kioo chake wati 20. Kompyuta ishirini zitatumia 20 × 35 = wati 700, na kwa saa 5 za masomo hiyo ni yuniti 3.5, yaani kilowati-saa 3.5. Kwa upande wa pili tulichukulia kwamba seva huachwa ikiwaka saa 24 na kwa wastani hutumia wati 250. Hiyo ni yuniti 6 kwa siku. Tuongeze vioo ishirini vya wati 20 na vifaa vidogo vya wati 10 kwa saa 5, ambavyo ni yuniti 3. Jumla ni yuniti 9. Tena sehemu kubwa ya yuniti za seva hutumika usiku, wakati jua halipo na betri ndizo zinazobeba mzigo. Shule ambayo betri hizohizo huwasha taa za kujisomea mabwenini haina budi kuitazama hesabu hiyo kwa makini.

Tatu, kompyuta moja kati ya ishirini ikiharibika, zitabaki kumi na tisa. Seva ikiharibika, darasa zima limesimama.

Kwa hiyo jibu langu lilikuwa kompyuta ndogo. Hata hivyo niliongeza kwamba mojawapo ya hizo ndogo yaweza kufanywa seva ya darasa: ihifadhi vitabu, mitihani ya miaka iliyopita na nakala ya Wikipedia ya Kiswahili, na nyingine zisome kutoka kwake kwa mtandao wa ndani, bila intaneti. Seva ni cheo cha kazi, na kompyuta yenye wati 6 yaweza kukishika cheo hicho mbele ya wanafunzi ishirini. Mbele ya watu laki moja ingezidiwa mara moja.

Zoezi la darasani

Mwalimu aweza kuipima kanuni ya Amdahl bila kompyuta. Aandike namba 96 za tarakimu mbili katika vikaratasi. Mwanafunzi mmoja azijumlishe zote, na mwingine apime muda kwa saa. Kisha wanafunzi 4 wagawiwe namba 24 kila mmoja, na mmoja wao ajumlishe majibu manne. Mwisho wanafunzi 16 wagawiwe namba 6 kila mmoja, na majibu yajumlishwe vilevile. Muda wa kugawa vikaratasi na wa kujumlisha majibu uhesabiwe pia.

Sehemu iwezayo kugawanywa hupatikana hivi: s = (1 − 1/K) ÷ (1 − 1/n). Mathalani, muda ukishuka kutoka sekunde 240 hadi 90 kwa wanafunzi 4, K ni 2.67 na s ni 0.83. Kanuni itatabiri kwamba kwa wanafunzi 16 muda utakuwa yapata sekunde 52. Huenda darasa likapata muda mrefu zaidi ya huo. Wanafunzi waulizwe sababu yake, na mwenye kujibu kwamba majibu ya kujumlisha sasa ni 16 badala ya 4 atakuwa ameelewa kwa nini kuongeza viini hakuongezi kazi kwa kadiri ileile.

Kamati ile iliamua kununua kompyuta ndogo kumi na nane, na fedha zilizosalia ikaongezea betri.